Sufuria inayotazamwa haichemki

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Leo naongelea msemo mmoja tu wa Kiingereza, ule wanaosema sufuria inayotazamwa haichemki kamwe. Wengi wetu shuleni tuliambiwa ni sawasawa na subira yavuta heri, tukaandika kwenye daftari, imeisha hiyo. Mi naona siyo. Subira ni kukaa ukangoja, huu msemo wenyewe unakufukuza jikoni, unakwambia toka hapo nenda kachambue mchele.

Umetoka wapi? Wengine wanaurudisha nyuma mpaka kwa Benjamin Franklin wa Marekani, 1785, ila huko sufuria inachelewa tu kuchemka, haijagoma. Huu wa kugoma kabisa upo kwenye riwaya ya Elizabeth Gaskell, Mary Barton, ya 1848, na hapo ndo pananifurahisha, maana pale wala hakuna anayepika! Binti yuko Liverpool, anamsubiri baharia arudi kutoka kwenye meli aje kutoa ushahidi, kijana anayempenda yuko kwenye kesi ya mauaji na kipindi kile hukumu yake ni kitanzi, sasa huyu binti kazi yake ni kukodolea macho kile kijogoo cha bati kinachoonyesha upepo unatokea wapi. Mama mwenye nyumba, mume wake ni mzee wa mashua, ndo anamtupia msemo. Halafu anaongeza kwamba hata yeye upepo ukichafuka roho inamuuma, kwa hiyo anageuka tu anashika kazi, hataki kukiangalia kabisa. Nyie mliokulia mwambao hamhitaji nieleze zaidi.

Kwa hiyo sufuria ni kisingizio tu, anayechemka ni mtu. Akili ikishakaa kuhesabu muda, dakika tano zinavimba zinakuwa nusu saa, ila ukishika simu ukaanza kuchati kidogo, unashtukia maji yameshakauka.

Ila je maji yenyewe? Macho hayapozi maji, kinachopoza ni mkono. Mtu anayetazama sufuria hatulii, lazima afunue. Sikilizeni hesabu hii: lita moja ya maji kuitoa nyuzi 25 mpaka 100 inataka kilojuli kama 314 hivi (kilojuli ni kipimo cha nishati), lakini lita hiyohiyo kuigeuza yote iwe mvuke inataka zaidi ya 2,200, yaani mara saba. Ndo maana ule mvuke unaokupiga usoni ukifunua sio kitu kidogo, umebeba joto la mkaa ulioununua kwa hela yako. Bibi zetu waliokuwa wanatupiga mwiko wa mkono tukigusa mfuniko walikuwa wanajua fizikia, basi tu hawakuiita hivyo.

Sasa kuna sehemu moja duniani ambapo kutazama kweli kunazuia, na hii sitanii. Mwaka 1977 wanafizikia wawili, Misra na Sudarshan, walionyesha kwa hesabu kwamba chembe ndogo sana, za saizi ya atomu, ukizipima mara kwa mara haziwahi kubadilika. Mwaka 1990 kule Boulder, Colorado, Marekani, wanafizikia kina Itano na Wineland wakachukua ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, za metali ya beriliamu kama 5,000, wakazipigia mawimbi ya redio ambayo zikiachwa bila kuchunguliwa, zote zinahama kutoka hali moja kwenda nyingine, muda wenyewe ni robo ya sekunde tu. Wakizichungulia mara 64 ndani ya robo hiyohiyo, karibu zote zinabaki pale pale! Ila tuelewane, kuchungulia kwao ni kuzimulika kwa leza, sio kuzikodolea macho, na chai yako haina tabia hizo, usije ukamsingizia Wineland chai ikichelewa.

Swali? Ndiyo mama, wewe mwenye kitenge. (Anauliza: na maziwa je?)

Aah, hapo umeniweza, haha. Maziwa ni kinyume chake kabisa, ukigeuka tu yamemwagika. Yanaweka utando juu, mvuke unakwama chini yake, povu linapanda mara moja linazima na moto. Kwa hiyo mama, maziwa yatazame, tena usipepese, hata mtoto akilia mwambie baba yake ambebe.