Mota Iliyoungua Mara Mbili

Walimu wangu, shikamooni. Nanyi vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya fundi wa matengenezo kiwandani. Nitaanza na mota.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, Singida. Mota ya kinu, ya kilowati 15, ikaungua. Tukaipeleka kusukwa upya waya zake za ndani, tukaifunga. Wiki ya tatu ikaungua tena. Lawama zote akabebeshwa aliyeisuka. Mimi nami niliafiki, maana ilikuwa rahisi kuafiki.

Fundi mkuu, mzee asiye na maneno mengi, akaniita karakana. Akafungua kifuniko. "Tazama, mwanangu, uniambie unaona nini." Koili, yaani hizo waya zilizosukwa, za kundi moja zilikuwa nyeusi kama mkaa. Makundi mawili yaliyobaki bado yaling'aa vanishi. Akasema, "Mota iliyoelemewa na mzigo huungua yote. Hii imeungua upande. Kuna fezi moja, kati ya njia tatu za umeme wa mota, inapotea njiani. Nenda kaitafute."

Nikazima swichi kuu, nikatia kufuli, nikapima kwa testa kwamba umeme haupo kweli. Hapo nawaomba sana: kufuli liwe lako, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe, si kwa msimamizi. Nikafungua kontakta, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota. Sehemu moja ya kugusana ilikuwa imelika, ina vishimo. Mara inapitisha umeme, mara haipitishi. Nikaangalia ova-lodi, kifaa kinachotripu, yaani kinachokata umeme mota ikivuta kupita kiasi. Kibao cha mota kinasema ampea 28, nayo imesetiwa 40. Kuna mtu alichoka nayo kutripu, akaipandisha. Mlinzi akalazwa usingizi.

Tukabadilisha kontakta, ova-lodi ikarudi 28. Nilipohama kiwanda kile, mota ilikuwa bado inazunguka.

Tangu siku hiyo sitoi kifaa kilichokufa bila kukichunguza kimekufaje. Natembea na daftari: tarehe, mashine, ampea za kila fezi, joto la beringi. Beringi huanza kulalamika mapema. Weka ncha ya bisibisi kwenye nyumba yake, mpini sikioni. Nzima inavuma sawasawa; iliyochoka inasaga kama ina mchanga. Ukiisikia Jumatatu, unaibadilisha Jumapili kiwanda kikiwa kimesimama. Usipoisikia, itakuamsha saa nane za usiku.

Kuhusu vyeti, mnajua VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina ngazi ya I hadi III. Msiishie ya I kwa sababu mmepata kibarua. Na kama una kaka aliyejifunzia gereji bila cheti, mwambie kuna urasimishaji wa ujuzi: anapimwa kwa anachokijua, anapewa cheti chake. Nimeona watu wazima wakilia siku ya kukipokea.

Mshahara wa kuanzia ni mdogo, siwafichi. Unaopanda ni wa yule anayejua umeme na mitambo pamoja, kwa hiyo wa umeme jifunzeni kulinganisha mikanda, na wa mitambo msiogope kusoma mchoro wa saketi.

Kontakta ile niliitunza. Nimekuja nayo, iko mezani hapa. Sogeeni wanne wanne, muishike, mtazame vile vishimo.