Wakili wa Kujitolea Yuko Njiani

MWANAIDI: Leo mpira hapana.

FRANK: Sijafungua hata mdomo, dada!

MWANAIDI: Nakujua. Wiki hii nimetoka kwenye mafunzo, nina mambo matano nimeyaandika hapa. Matano, Frank. Leo tunafika mwisho.

FRANK: Mafunzo tena? Wewe huchoki kusoma.

MWANAIDI: Haya ni ya sisi tunaosimamia madawati ya msaada wa kisheria. Si ya mawakili, si ya wasaidizi wa kisheria. Ni ya yule anayepokea simu asubuhi, anayeamua mteja gani aende kwa nani, anayejua jalada liko kabati gani. Chuoni tulisoma mikataba, jinai, ardhi. Kuendesha dawati hakuna aliyetufundisha, tulikabidhiwa funguo tu.

FRANK: Ukumbi wapi?

MWANAIDI: Mikocheni.

FRANK: Na chakula?

MWANAIDI: Frank.

FRANK: Nawaulizia wasikilizaji.

MWANAIDI: Pilau ilikuwepo. Sasa, jambo la kwanza. Mwezeshaji alitupa mfano. Mama ana shauri la talaka Temeke, pale Kituo Jumuishi wanaposikiliza mirathi na ndoa. Baraza la Usuluhishi ameshapita, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, na hati yake anayo. Umemtafutia wakili wa kujitolea. Saa tatu shauri linaitwa, wakili hayupo. Unampigia simu, anasema...

FRANK: "Niko Ubungo."

MWANAIDI: (anacheka) Ukumbi mzima ulijibu hivyo hivyo! Kuna mtu katoka Mbeya, naye kasema Ubungo. Nikamuuliza, kaka, Mbeya kuna Ubungo? Akasema mawakili wao nao wanaitumia.

FRANK: Mnatuonea. Ubungo ina foleni.

MWANAIDI: Ilikuwa nayo. Barabara za juu za Kijazi zimefunguliwa 2021, unapita juu kwa juu. Mtu hawezi kukaa Ubungo tangu saa moja mpaka saa nne, labda awe anauza mahindi ya kuchoma.

FRANK: Foleni haijafa, imesogea. Ukitoka pale unaikuta mbele imekaa inakusubiri.

MWANAIDI: Basi aseme hiyo ya mbele! Nyinyi mnasema Ubungo kwa mazoea, kama mtu anavyosema "nzuri" kabla hujamaliza kumsalimia.

FRANK: Anayejua kazi hasemi Ubungo. Anasema "niko kwenye pantoni".

MWANAIDI: Ehee, tufundishe, wakili msomi.

FRANK: Pantoni haina mjadala. Uko majini, huwezi kushuka, huwezi kuchukua bodaboda. Hata hakimu anakuhurumia.

MWANAIDI: Na daraja la Kigamboni lipo tangu 2016, kwa nini hukulizunguka?

FRANK: Lina tozo.

MWANAIDI: (anacheka) Anayejitolea halipi tozo!

FRANK: Na foleni ya makutano ya Tazara je?

MWANAIDI: Tazara imeisha kazi tangu daraja la Mfugale, 2018. Serikali inawamalizia visingizio kimoja kimoja. Mmoja siku hizi ananiambia "mwendokasi haiji". Nikamwambia nitumie lokesheni. Simu ikazimika chaji saa hiyo hiyo.

FRANK: Chaji inaisha jamani, ni kitu cha kawaida.

MWANAIDI: Saa tatu kasoro? Ulilala bila umeme?

FRANK: Tanzania hii, unaniuliza hivyo kweli?

MWANAIDI: (kicheko kirefu) Haya, hiyo nakupa. Lakini sikia, mwezeshaji hakucheka. Alituacha tukachoka, kisha akauliza: "Na yule mama mmemwacha wapi?" Ukumbi ukatulia. Yule mama kakaa kwenye benchi, kaomba ruhusa kazini kwa bosi asiyetoa ruhusa mara mbili, na mume upande wa pili amekuja na wakili wake wa kulipwa, tai imenyooka. Shauri likiharibika kwa wewe kutokuwepo, ni la kwake limeharibika. Wewe uliyeko Ubungo jioni unakula chakula chako kama kawaida.

FRANK: Mbona unaniangalia mimi?

MWANAIDI: Sijamtaja mtu.

FRANK: Mimi siku ile nilikuwa Ubungo kweli! Kuna lori...

MWANAIDI: Wasikilizaji, sijamtaja mtu. Tunatakiwa tufanye nini na wakili wa namna hiyo? Mimi nikasimama nikasema: anatolewa kwenye orodha. Akikosa bila taarifa, tunamwandikia barua. Akirudia, jina linafutwa, na kama yuko kwenye ofisi kubwa, mkuu wake anapata nakala.

FRANK: Hapo ndipo unapoharibu.

MWANAIDI: Kwa nini?

FRANK: Orodha yako ina mawakili wangapi wanaokubali kesi za ndoa bure? Tuseme ukweli. Wengi wanataka ushauri wa nusu saa, wapige picha, waondoke. Anayebeba shauri mpaka hukumu ni wa kutafuta kwa tochi. Ukimpelekea bosi wake barua, wenzake wote wataisikia. Mwezi ujao ukipiga simu, kila mtu ana kesi Mahakama Kuu.

MWANAIDI: Kwa hiyo nimbembeleze?

FRANK: Umlee. Mpe tarehe mapema, mkumbushe juzi yake na jana yake, mpe msaidizi wa kisheria awahi kukaa na mteja pale mahakamani. Mlipie nauli. Wakili mchanga anatoka Bunju kwa pesa yake, mafuta yake, na ofisini saa zake zinahesabiwa. Wewe unamwona amechelewa, mimi naona dawati halikujipanga.

MWANAIDI: Nauli sikatai. Kumbukumbu sikatai, hata hiyo ya msaidizi kutangulia nimeiandika, ingawa hawezi kusimama mbele ya hakimu badala ya wakili. Ninachokataa ni kwamba ukijitolea una punguzo la wajibu. Mteja ni mteja. Kwa wateja wako wa pale Posta, wenye majengo, unasemaga Ubungo?

FRANK: Wale wananilipa.

MWANAIDI: Asante. Wasikilizaji mmemsikia.

FRANK: Usinikate! Nasema wale wananilipa, kwa hiyo nina karani, nina dereva, nina mtu wa kushika tarehe nikiumwa. Hapa kwako nina jalada na namba yako ya simu. Siwezi kudaiwa huduma ile ile bila zana zile zile.

MWANAIDI: Basi usichukue jalada. Sema hapana mapema, nitafute mwingine. Hapana yako ya Jumatatu ina faida kwangu kuliko Ubungo ya Alhamisi.

FRANK: Ukitusukuma namna hiyo, wote tutasema hapana ya Jumatatu.

MWANAIDI: Marekani, chama chao cha mawakili kinahimiza kila wakili atoe walau saa 50 kwa mwaka. Na New York huandikishwi kuwa wakili mpaka uonyeshe saa zako 50.

FRANK: Hicho cha kwanza umesema kinahimiza. Kinahimiza, dada. Hakifukuzi.

MWANAIDI: Na New York?

FRANK: New York ni kijana anayetafuta leseni, ukimwambia aruke anaruka. Mtu mwenye ofisi yake utamrusha na nini?

MWANAIDI: Kwa Kamati ya Mawakili, ile inayosikiliza malalamiko dhidi yenu.

FRANK: (kimya kidogo) Ungenipeleka mimi Kamati ya Mawakili? Kwa kazi ya bure?

MWANAIDI: Ningekupeleka kwa mteja kuachwa mahakamani peke yake.

FRANK: Sasa mimi nakwambia mbele ya wasikilizaji, siku utakapompeleka mmoja, dawati lako litabaki na wewe na feni.

MWANAIDI: Litabaki na mimi na wateja waliojua mapema kwamba wakili hakuna. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, sisi watoa huduma tunasajiliwa, kuna Msajili kule wizarani. Huduma ikivurugika anahojiwa mwenye dawati. Wa Ubungo haulizwi kitu.

FRANK: Ndiyo maana unamtafuta wa kumbebesha.

MWANAIDI: Eti nini?

FRANK: Nimesema nilichosema.

MWANAIDI: Frank, hilo halijakaa vizuri.

FRANK: Na la Kamati limekaa vizuri?

MWANAIDI: Mimi sijabadilika.

FRANK: Wala mimi.

MWANAIDI: ...Fundi ananionyesha vidole. Dakika mbili?! Tumeanza saa ngapi?

FRANK: Mambo matano yako.

MWANAIDI: Tumegusa moja na hatujalimaliza. La pili ni mgongano wa maslahi: kabla hujampa wakili jalada la mtu anayedaiwa na benki, uliza kwanza kama ofisi yake haiitetei benki hiyo hiyo, na uliza kabla hajasoma karatasi hata moja, kwa sababu akishasoma...

FRANK: Hilo naliunga mkono. Yalishanikuta hayo, kuna siku nilifungua jalada...

MWANAIDI: Usianze! La tatu ni barua ya kufunga jalada. Watu hawaziandiki, mteja anakaa mwaka mzima akidhani bado ana wakili. La nne... hapana, hili la barua ya serikali ya mtaa ya kuthibitisha kipato lina maneno mengi, tuliache.

FRANK: La tano?

MWANAIDI: Siwezi hata kusoma mwandiko wangu. Yule dada wa Mbagala aliyetuandikia kuhusu nyumba ya marehemu mama yake: tafuta cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, na usisaini karatasi yoyote ya kaka yako kwa sasa. Wiki ijayo tunaanza na wewe.

FRANK: Na mpira kidogo.

MWANAIDI: Fundi, zima.