Ugali wa Jana Umetokea Puani

BARAKA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi Baraka, na mbele yangu yupo dada Rehema, aliyefundisha baiolojia mpaka vumbi la chaki likahamia kwenye kucha. Shikamoo dada.

REHEMA: Marahaba. Leo nakuanza mimi. Jana usiku ulikula nini?

BARAKA: Ugali na dagaa. Na mchicha kidogo, wa kusingizia.

REHEMA: Huo ugali uko wapi saa hizi?

BARAKA: Dada, kuna watu wanatusikiliza huku wanakula.

REHEMA: Wee jibu tu.

BARAKA: Si umeshakwenda msalani?

REHEMA: Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walinijibu hivyohivyo kila mwaka. Sasa sikia: sehemu kubwa ya ule wanga haikugusa msala. Umeutoa kwa pua. Umelala zako, unakoroma, na ugali unatoka.

BARAKA: Aisee. Hapo lazima tuanzie mdomoni.

REHEMA: Tuanzie hapo. Kata tonge dogo la ugali mkavu, bila mboga, ulitafune dakika nzima bila kumeza. Litaanza kuwa tamu. Wanga ni sukari iliyofungwa minyororo mirefu, na kwenye mate kuna kimeng'enya kinachoikata. Halafu meza. Shika kikoromeo chako, meza mate.

BARAKA: Kinapanda.

REHEMA: Pale kooni pana njia panda: njia ya hewa iko mbele, umio, yaani njia ya chakula, uko nyuma. Ukimeza, koromeo linapanda na kifuniko kinalala juu ya mlango wa hewa. Pumzi inasimama kidogo, tonge linapita. Sasa wewe cheka na tonge mdomoni uone.

BARAKA: Unapaliwa. Kwetu wanasema kuna mtu anakusema.

REHEMA: Basi mimi nimesemwa sana, maana kwenye harusi moja nilipaliwa na pilau mpaka shangazi yake bwana harusi akanimwagia maji ya kunywa kichwani. Ulikuwa msaada wa upendo, lakini wa bure. Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Sauti ikikata na hewa haipiti, mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Likigoma, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani kuelekea juu mara 5. Unarudia hivyo huku mwingine anatafuta msaada. Ila mtoto wa chini ya mwaka 1 haminywi tumbo kabisa.

BARAKA: Haya, tonge letu limepita salama, liko tumboni. Nani aliwahi kuona humo ndani kunafanyika nini?

REHEMA: Nilikuwa naomba uulize. Mwaka 1822, kisiwa cha Mackinac, Marekani. Kijana mmoja mpiga makasia wa wafanyabiashara wa manyoya, Alexis St. Martin, alipigwa risasi ya bahati mbaya ubavuni, karibu kabisa. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akijua hachukui siku mbili. Kijana akapona, ila tundu likagoma kuziba. Ukisukuma pembeni ngozi iliyoota pale, unachungulia tumboni.

BARAKA: Usiniambie alichungulia.

REHEMA: Alifanya zaidi ya kuchungulia. Agosti 1825 alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri, akavishusha kwa lile tundu. Saa moja baadaye akavuta: mkate na kabichi vimeliwa nusu, nyama iko vilevile. Akarudisha. Baada ya saa nyingine, kabichi, mkate na baadhi ya nyama vimekwisha kwenye uzi. Akachota na yale majimaji yenyewe ya tumboni, akayaweka kwenye chupa yenye joto la mwili pamoja na nyama, na nyama ikalainika humohumo chupani. Ndiyo ikathibitika kwamba tumbo halisagi tu kama kinu. Lina tindikali inayoyeyusha.

BARAKA: Na huyo kijana alikuwa anasemaje?

REHEMA: Alikuwa mtumishi wa daktari, akasainishwa na mkataba, na mara kadhaa aliondoka zake kurudi kwao Kanada. Vitabu vinamsifu Beaumont. Mimi naona kijana alitumiwa. Lakini aliishi mpaka 1880, miaka 27 baada ya daktari wake kufa. Na alipokufa, familia yake ikakaa na maiti makusudi mpaka ikaharibika, ili madaktari wengine wasije kulidai lile tumbo.

BARAKA: Safi sana. Turudi kwenye ugali.

REHEMA: Unaingia utumbo mwembamba. Kongosho linamwaga vimeng'enya vyake, nyongo inashughulikia mafuta ya dagaa, na wanga unamalizikia kuwa glukosi, ile sukari iliyokatwa minyororo. Ukuta wa utumbo una vinyweleo kama taulo, kwa hiyo eneo la kunyonya ni kubwa. Zamani tulifundisha kwamba utumbo ukitandazwa unajaa uwanja wa tenisi. Mwaka 2014 watafiti wa Uswidi walipima upya wakapata kama mita 32 za mraba, tena utumbo mpana ukiwemo. Chumba na sebule hivi.

BARAKA: Mmetudanganya miaka yote hiyo.

REHEMA: Na kwa mtihani juu. Sasa hiyo glukosi inaingia kwenye damu, na damu ya utumbo hairuhusiwi kwenda moja kwa moja moyoni. Inapita kwanza kwenye ini, kama mzigo unaopita forodhani. Ini linaweka akiba, nyingine linaachia. Kutoka hapo ni moyo upande wa kulia, mapafu, moyo upande wa kushoto, kisha mwilini. Na hiyo safari ya kupitia mapafuni aliieleza Ibn al-Nafis, tabibu wa Cairo, karne ya 13. Wakati huo wengi walishika maneno ya Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, kwamba damu inajipenyeza kwenye vitundu katikati ya moyo. Yeye akasema ukuta ule hauna vitundu.

BARAKA: Bado sijaona pua.

REHEMA: Umeifikia. Kwenye msuli wa mguu wako, glukosi inakutana na oksijeni uliyovuta. Inatoka nguvu, yanatoka maji, inatoka kabonidayoksaidi. Hiyo kaboni ndiyo ilikuwa kwenye punje ya mahindi. Damu inairudisha mapafuni, unaipuliza nje. Mafuta ya mwili nayo ni hivyohivyo: ukipunguza kilo 10 za mafuta, kama kilo 8.4 zinatoka kwa pumzi, zilizobaki ni maji.

BARAKA: Kwa hiyo nihemeheme tu hapa nipungue?

REHEMA: Utapata kizunguzungu. Msuli usipofanya kazi, hakuna cha kupuliza zaidi.

BARAKA: Na msalani kinakwenda nini?

REHEMA: Bakteria kwa wingi, maji, na nyuzinyuzi zilizoshindikana. Yaani huko kuna mchicha wako wa kusingizia.

BARAKA: Ngoja nipulizie miwani yangu. Huu ukungu nao ni ugali?

REHEMA: Baadhi ya hayo maji, ndiyo.

BARAKA: Sasa nifute au nitafute mboga?