Breki Ikishavutwa: Kazi ya Rubani Isiyohesabiwa

Mabibi na mabwana, wanafunzi, na wenzangu wa usafiri wa anga, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie maisha ya rubani, na najua wengi wenu mmekuja mkitarajia habari za mawingu. Samahani, leo haturuki. Nataka tuzungumze kinachoanza ndege ikishasimama, abiria wakiwa wameshanyanyuka kugombania mizigo yao, na saa ya malipo ikiwa imeshazimwa.

Saa hiyo inazimwaje? Katikati ya viti viwili vya marubani kuna kipini cha breki ya kuegesha. Ndege inapoondoka, breki inaachiwa. Inapofika, breki inavutwa. Katika ndege kubwa za leo ni mtambo unaoweka kumbukumbu: imeondoka saa ngapi, imeacha ardhi saa ngapi, imegusa ardhi saa ngapi, imeegeshwa saa ngapi. Mfumo wa kutuma nyakati hizo nne bila rubani kufungua mdomo, unaoitwa ACARS, ulianza kutumika Marekani mwaka 1978, na hesabu ya malipo ya wafanyakazi wa ndege ilikuwa miongoni mwa matumizi yake ya mwanzo. Kwenye mashirika yanayolipa kwa saa, hasa ya Amerika Kaskazini, fedha inahesabika kati ya kuondoka na kuegesha. Wengine wanaangalia breki, wengine mlango. Tofauti ni dakika chache tu. Ulaya wengi wana mshahara wa mwezi na nyongeza kwa kila ruko, yaani kila safari ya kupaa na kutua, kwa hiyo msiniambie baadaye nimewaweka wote kapu moja. Ila hata huko, nyongeza inafuata ndege inayotembea.

Kipimo hiki hakikuletwa na tajiri mmoja mwenye roho mbaya. Marubani wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1931 chini ya David Behncke, na mwaka 1934 bodi ya kazi ya taifa ikatoa uamuzi unaojulikana mpaka leo kwa namba yake tu, Uamuzi wa 83. Uliweka malipo ya msingi, malipo ya saa za kuruka, malipo ya maili, na kikomo cha saa 85 kwa mwezi. Kwa marubani ulikuwa ushindi mkubwa. Enzi hizo hatari yote ilikuwa angani. Ukishatua umepona, unavua kofia unaondoka. Kazi imebadilika tangu hapo, kipimo kimebaki na sura ileile.

Sasa tufuatane na ndege moja. Ni saa 5:40 usiku, ruko la nne na la mwisho la siku. Breki imevutwa. Injini zinazimwa, umeme unachukuliwa na injini ndogo ya mkiani, taa ya mikanda inazimwa. Rubani msaidizi anasoma orodha ya ukaguzi wa kuegesha, kapteni anajibu. Kisha kapteni anasimama mlangoni pa chumba cha marubani kuaga abiria, maana kampuni inataka asimame. Abiria wa kiti cha magurudumu anasubiri msaada ambao haujafika, na mpaka ashuke, wafanyakazi wa ndege hawawezi kuondoka.

Wakati wa kushuka kutoka juu kulikuwa na taa ya tahadhari iliyowaka ikazimika yenyewe. Kapteni anafungua kitabu cha ufundi. Hapa ndipo penye uzito wa kazi. Akiandika "taa iliwaka", fundi hatapata pa kuanzia. Anatakiwa aeleze iliwaka ndege ikiwa kimo gani, mwendo gani, ilidumu kwa muda gani, na yeye alifanya nini. Anajua pia kwamba akishaandika, ndege hiyo haiondoki alfajiri mpaka fundi atie sahihi kwamba hitilafu imetengenezwa, au kwamba inaruhusiwa kusubiri kwa mujibu wa kitabu cha vifaa vya lazima. Fundi anapanda na tochi yake, anauliza maswali matatu, anataka kuona taa ilivyowaka. Wanakaa tena vitini, wanawasha tena, hakuna kitu. Wanarudia. Hapo rubani yuko kazini kwa akili yake yote, na maamuzi yake yatagusa watu wengine 180 watakaopanda asubuhi, na saa ya malipo ilikatika zamani.

Baada ya hapo kuna karatasi za safari za kukabidhi, mafuta yaliyobaki ya kuandikwa, pasipoti kama ni nchi nyingine, ukaguzi wa usalama, na basi la wafanyakazi. Basi, jamani. Mkiwakuta marubani wamekaa pamoja msitarajie wanasimulia dhoruba. Wanasimulia mabasi.

Kampuni nyingi hutenga dakika 15 au 30 baada ya kuegesha, kisha wewe unahesabiwa umeachiwa. Muda huo ni wa kwenye ratiba. Kwa usiku niliousimulia, hautoshi hata nusu.

Tuingie kwenye sheria, kwa sababu kuna watu wanadhani sheria ndiyo inayolipa. Sheria ya usalama hailipi mtu; inapima uchovu tu. Na inapima kwa vipimo viwili tofauti. Kuna muda wa zamu ya kuruka, unaokwisha ndege ikishaegeshwa mara ya mwisho. Halafu kuna muda wa kazi kwa jumla, unaoingiza na yale ya baadaye. Ulaya, chini ya kanuni zinazotumika tangu Februari 2016, zamu ya kuruka kwa kawaida haivuki saa 13, na kazi yote haivuki saa 60 ndani ya siku 7 wala 190 ndani ya siku 28. Marekani, chini ya kanuni zilizoanza Januari 2014, zamu ya kuruka ya marubani wawili ni kati ya saa 9 na 14 kutegemea umeanza saa ngapi na una maruko mangapi. Kwa hiyo ile nusu saa na fundi haihesabiki kwenye zamu ya kuruka, ambayo ndiyo yenye kikomo kinachobana kuliko vyote. Inakuja kula mwanzoni mwa mapumziko.

Mapumziko yenyewe Marekani ni saa 10 tangu kuachiwa, na ndani yake lazima iwemo nafasi ya kulala saa 8 mfululizo. Fanyeni hesabu wenyewe. Ukiachiwa saa 6:15, basi likafika saa 7, hotelini saa 7:40, hujala, hujaoga, na asubuhi unatakiwa uwe chini ukisubiri basi hilohilo mapema. Saa 8 zile ziko wapi? Sheria inasema rubani akiona hatazipata, aiarifu kampuni na asiripoti kazini mpaka azipate. Sheria nzuri sana hiyo. Sasa fikiria kijana mwenye miezi minne kazini, saa 8 usiku, anapiga simu kwa mpangaji wa ratiba kusema safari ya asubuhi ichelewe kwa sababu yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Naona ndugu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachowaza: marubani ni watu wenye hela. Wengine kweli wanazo, na kapteni mkongwe wa ndege kubwa simlilii. Lakini ngazi ni ndefu. Rubani msaidizi mpya anaweza kuwa na deni la mafunzo litakalomfuata miaka mingi. Na hata walioko juu hawana uhakika. Chesley Sullenberger, aliyeitua ndege kwenye mto Hudson Januari 2009 na watu wote 155 wakatoka hai, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani mwezi uliofuata akaeleza kwamba mshahara wake ulikuwa umepunguzwa kwa asilimia 40.

Tena hoja yangu leo si kwamba rubani ni maskini. Hoja yangu ni kwamba saa isiyolipiwa haina mtu wa kuionea uchungu. Mwajiri anayelipa kila dakika ya kungojea basi atahakikisha basi linawahi. Asiyelipa, kwa nini ahangaike? Mafuta yanapimwa mpaka kilo ya mwisho kwa sababu yana bei. Ndege ikichelewa langoni kuna mtu anapigiwa simu. Lakini marubani wawili na wahudumu wanne wakikaa ukingoni mwa barabara na mabegi yao kwa dakika 50, hakuna mstari wowote kwenye vitabu vya hesabu unaotikisika. Unaweza kuongeza mshahara wa saa kwa theluthi, na basi litachelewa vilevile.

Na kuna ripoti. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka rubani aripoti tukio la usalama lililo kwenye orodha ya lazima ndani ya saa 72. Kapteni akirefusha zamu kwa hiari yake zaidi ya saa 1, taarifa lazima iifikie mamlaka ndani ya siku 28. Ripoti ya uchovu nayo ina fomu yake. Fomu hizo zinajazwa lini? Hotelini, kitandani, kwenye tableti, na mtu ambaye macho yanamfumba. Wengi wanasema nitaandika kesho, na kesho kuna safari. Halafu mwisho wa mwaka kampuni inatoa grafu inayoonyesha ripoti za uchovu ni chache. Mimi grafu hizo huwa nazisoma kinyume.

Nisiseme kupita kiasi. Sina ajali ninayoweza kuiweka mezani nikasema imesababishwa na basi kuchelewa. Ajali huwa na mikono mingi. Ndege ya shirika la Colgan la Marekani iliyoanguka karibu na mji wa Buffalo tarehe 12 Februari 2009 na kuua watu 50, wachunguzi walisema sababu ni namna kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza mwendo. Lakini walieleza pia mazingira: rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka Seattle kufika kazini, na kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Walisema uchovu huenda ulipunguza uwezo wao, ila hawakuweza kupima kwa kiasi gani. Kutokana na ajali hiyo ndipo zikaja kanuni za 2014 nilizozitaja. Na Januari 2024 ndege ya Batik Air iliruka angani Indonesia kwa dakika 28 marubani wote wawili wakiwa usingizini. Ilitua salama. Mmoja wao alikuwa na watoto mapacha wachanga nyumbani.

Dawa ipo, na si mpya. Mikataba ya vyama vingi ina kipengele cha uwiano: kwa kila saa mbili za zamu, hata ukikaa chini tu, unalipwa angalau saa moja ya kuruka. Wahudumu wa ndege wamesukuma mbele zaidi. Mwaka 2022 kampuni ya ndege ya Delta ya Marekani ilianza kuwalipa wahudumu wake wakati wa kupandisha abiria, kwa nusu ya kiwango cha saa. Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, kazi ya ardhini isiyolipwa ikiwa mbele kabisa ya madai yao. Serikali ikawaamuru warudi, wakakataa, na makubaliano yaliyofuata yakaingiza malipo ya ardhini. Lakini angalieni vizuri: msukumo mkubwa umekuwa kwenye dakika za kabla ya kuondoka, kwa sababu hizo abiria anaziona. Zile za baadaye, ndege ikiwa tupu na fundi ana tochi, hazina shahidi.

Kwa hiyo wanafunzi wa urubani mlioko hapa, mkataba wa kwanza ukiletwa mbele yako, kiwango cha saa kitakuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa. Kipite kwanza. Tafuta zamu inakwisha lini: ni breki, ni mlango, au ni pale unapofika hotelini? Tafuta uwiano wa zamu na malipo. Tafuta nani anagharamia mtihani wa afya wa kila mwaka na siku za mtambo wa kufundishia unaoigiza ndege, maana utaurudia mtambo huo kila miezi sita mpaka ustaafu. Kama havimo, uliza kabla hujatia sahihi, na uliza kwa maandishi.

Haya, nimemaliza upande wangu. Mama wa mstari wa pili ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Karibu, mama, maikrofoni inakuja.