Kompyuta Mbili, Wimbo Mmoja

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuliahidi mambo matatu ya kukagua kabla hujachagua kompyuta ya kusikilizia muziki. Lakini Athumani ameingia na lake moyoni.

ATHUMANI: Ninalo, dada. Jumanne nilikitoa kigeuzi changu, kile kisanduku kinachogeuza namba kuwa sauti, kwenye kompyuta ya mezani nikakichomeka kwenye laptopu. Faili lile lile, waya ule ule, spika zile zile. Sauti ikatulia! Pumzi ya mwimbaji naisikia kabla hajaanza kuimba.

ZUHURA: Laptopu ilikuwa kwenye chaja?

ATHUMANI: Betri.

ZUHURA: Ahaa.

ATHUMANI: Ngoja. Kwenye ile ya mezani, nikitega sikio kwenye spika bila wimbo, kuna mlio mwembamba kama wa mbu. Nikisogeza kipanya, nao unasogea. Nikiacha, unatulia.

ZUHURA: Huo nakubali. Ni kelele ya umeme wa kompyuta, inapita kwenye waya wa USB na kuingia upande wa analogi, ule wa sauti yenyewe baada ya namba kugeuzwa. Namba za wimbo hazijaguswa. Mipangilio je? Wimbo wa CD una sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Mfumo ukiwekwa 48,000, unazikokotoa upya.

ATHUMANI: Zote 44,100. Nikaweka kitenganishi cha USB, kifaa kinachozuia kelele ya umeme wa kompyuta isipite, mlio ukafa. Nikageukia ukuta, mama watoto akawa anabadilisha kompyuta, nami nakisia ipi inacheza, sauti tumeisawazisha. Mara 10. Nimepatia 7.

ZUHURA: Saba hata sarafu inazipata.

ATHUMANI: Sarafu haina masikio, Zuhura.

ZUHURA: Piga hesabu. Ukirusha mara 10 kuna mifuatano 1,024. Yenye 7 au zaidi ni 176, kama 17 katika kila 100. Ungepata 9, ningekaa kimya.

ATHUMANI: Itoe. Rusha hapa hapa.

(Sarafu inagonga meza.)

ZUHURA: Raundi ya kwanza, mwenge 4 kati ya 10.

ATHUMANI: Umeona?

ZUHURA: Bado. Ya pili… 6.

ATHUMANI: Endelea.

ZUHURA: Ya tatu. Mwenge, mwenge, kichwa… Saba! Hesabu mwenyewe.

ATHUMANI: Nimehesabu. Imehitaji raundi tatu. Mimi nilipata kwenye ya kwanza.

ZUHURA: Kwa sababu ulifanya moja tu! Fanya mara 30.

ATHUMANI: Masikio yanachoka. Baada ya 10 sisikii tofauti ya kitu chochote, hata ya vitu ninavyojua vinatofautiana. Jaribio linalochosha sikio linapima uchovu.

ZUHURA: Basi mara 10 kwa siku, siku tatu.

ATHUMANI: Kila siku sikio lina hali yake.

ZUHURA: Kigeuzi chako kinapanga mwendo wa namba kwa saa yake ya ndani, si ya kompyuta, namba ni zile zile, kelele umeizima. Tofauti itoke wapi?

ATHUMANI: Sijui itokako. Nasema naisikia.

ZUHURA: Nami nasema hujaithibitisha.

ATHUMANI: Haya. Mambo matatu?

ZUHURA: Zimebaki sekunde 40. Yakae wiki ijayo.

ATHUMANI: Rusha moja ya mwisho.

(Sarafu.)