Tusiuharakishe Moyo Unaokosa Damu

Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: mashine ya kuendesha mapigo ya moyo haiwekewi kiwango kwa mazoea. Mgonjwa kapata mshtuko wa moyo, mshipa umeziba, waya wa mashine umeingizwa moyoni, halafu mtu anapandisha hadi mapigo 100 kwa dakika eti hayo ndiyo mapigo mazuri. Mazuri kwa nani?

Tukae hapa kidogo. Msuli wa ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, hupata sehemu kubwa ya damu yake unapolegea, kwa sababu ukijikaza unaibana mishipa yake wenyewe. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 1, na karibu theluthi mbili yake ni ya kulegea. Pandisha hadi 120, umebakiwa na nusu sekunde kwa pigo zima. Muda wa kujikaza haupungui sana. Kinacholiwa ni muda wa kulegea, yaani muda wa kulishwa. Na kazi imeongezeka! Tabaka la ndani la msuli ndilo hufa kwanza: watafiti Reimer na Jennings walionyesha kwa mbwa mwaka 1977 kwamba kifo cha msuli huanzia ndani na kuenea kuelekea nje kadiri saa zinavyopita. Kabla yao, mwaka 1971, watafiti Maroko, Braunwald na wenzao walishaonyesha kwamba mapigo yakienda mbio mshipa ukiwa umezibwa, jeraha hupanuka. Nusu karne imepita, bado tunabishana?

Atatokea wa kuniuliza: basi mwenye mapigo 30 kwa dakika tumwache azimie? Hapana jamani! Shinikizo la damu likianguka, mishipa ya moyo nayo hukosa msukumo, na msuli huumia vilevile. Mpe atropini, dawa ya kuongeza mapigo, isipofaa, mwekee waya bila kusita. Ila pandisha mpaka shinikizo lirudi, kisha simama hapo hapo. Na waya usiwe sababu ya kuchelewa kuufungua mshipa. Mshtuko ukiwa wa upande wa chini wa moyo, umeme wa moyo unaoamsha mapigo, uliokatika, mara nyingi hurudi wenyewe ndani ya siku chache, kwa hiyo kila siku pima kama waya bado unahitajika.

Habari ya pande mbili za moyo kupishana kupiga, muda hauturuhusu. Niseme tu kwamba wazo la kuendesha mapigo kwa waya kando ya kovu lililoachwa na mshtuko ili moyo usitanuke lilijaribiwa kwa wagonjwa 126. Matokeo yalitoka mwaka 2016, na baada ya miezi 18 faida haikuonekana. Haya, maswali.