Kinu cha kahawa cha bei nafuu kwa espreso ya nyumbani

Assalaam aleikum, watazamaji wangu. Leo niko jikoni kwangu hapa Langoni, mjini Lamu, na mezani nina vinu vitatu vya kusagia kahawa. Wengi wananiuliza: nina mashine ndogo ya espreso, mfuko hauruhusu makubwa, ninunue kinu gani? Watu humaliza pesa kwenye mashine, kinu wakakipa chenji iliyobaki. Mimi nasema geuzeni. Mashine iwe ya kawaida, pesa zende kwenye kinu.

Kabla ya kununua chochote, chukua kichujio cha mashine yako, kile kikombe cha chuma kinachotiwa unga. Kigeuze, ukitazame chini kwenye mwanga. Ukiona kitundu kimoja tu, hicho kina kuta mbili. Presha kinajitengenezea chenyewe, kwa hivyo hata unga wenye chenga kidogo kitauvumilia, na kinu chochote cha meno, yaani vyuma viwili vinavyosaga buni katikati yake, kitakutosha. Ukiona matundu mengi kama ya chekecheke, basi anayezuia maji ni unga wenyewe. Endelea kunisikiliza.

Hiki cha kwanza, chenye kisu kinachozunguka kama blenda, kiweke kando. Namimina unga wake kwenye karatasi nyeupe, tazameni: huku vumbi, huku vipande vikubwa. Kwa kahawa tungu ya dele haina neno, ile huchemka ikatulia. Lakini espreso ni maji ya moto yanayosukumwa kwa presha ya baa 9 hivi. Maji hukimbilia penye chenga, penye vumbi yakakwama, ukapata ukakasi na uchungu kikombe kimoja. Mimi nilianza na hiki. Kahawa ilikuwa ikitoka kwa sekunde kumi, nikadhani mashine ni mbovu, kumbe ni kusaga.

Sasa, cha umeme au cha mkono? Kama pesa ni chache, chukua cha mkono. Kwenye cha umeme, sehemu ya bei inakwenda kwenye mota. Kwenye cha mkono hakuna mota, sehemu kubwa zaidi inakwenda kwenye meno. Na stima ikipotea, buni zako zinasagwa vile vile, kisha unasubiri tu stima irudi mashine ichemshe maji. Alfajiri pia humwamshi mtu.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Sikilizeni nikizungusha pete ya kurekebishia: tik, tik, tik. Kila mlio ni hatua moja, meno yanasogeleana au yanaachana. Muulize muuzaji hatua moja ni maikromita ngapi, yaani sehemu ngapi za elfu za milimita. Timemore C2 ni kinu kizuri kwa kahawa ya kuchuja, lakini hatua zake ni kubwa mno kwa espreso: hatua hii kahawa inamwagika, inayofuata inagoma kutoka. Ile C3 ESP ya kampuni hiyo hiyo imetengenezwa na hatua ndogo zaidi. KINGrinder K6, hiki nilichoshika, husogea maikromita 16 kwa hatua, na huko ng'ambo bei yake imekuwa karibu dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. 1Zpresso J-Ultra husogea 8, ila bei yake iko juu zaidi. Kwa mtu wa nyumbani, K6 inatosha kabisa.

Ukipewa kinu mkononi, shika mhimili wa katikati uutikise. Mhimili ukicheza, kirudishe kinu, hata kama bei inavutia. Meno yakiyumba, unga hauwi sawa.

Kimefika? Funga meno mpaka yagusane, hapo ndipo sifuri yako, kisha anza kuhesabu ukifungua. Pima buni gramu 18, saga, shindilia, uanzishe saa. Tunataka gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Ikikimbia, kaza hatua mbili. Ikidondoka tone tone, legeza. Uzito wa buni usiuguse mpaka muda ukae sawa, la sivyo hutajua kilichobadilisha ni nini. Mfuko mpya wa buni, hata wa Nyeri ule ule, utahitaji kurekebisha tena.

Na jamani, iliki na tangawizi kavu zisiingie humu! Zina kinu chao na mchi wao. Harufu ya iliki ikishika meno haitoki upesi, na tangawizi ni ngumu. Maji pia hapana: hewa yetu ya chumvi tayari inatafuta chuma cha kula. Brashi kavu kila ukimaliza, kisha kinu kwenye mkebe wenye kifuniko.

Haya, nimekaza hatua mbili kutoka kikombe cha asubuhi, ambacho kilitoka kwa sekunde 21. Nawasha. Tazameni rangi inavyoanza, nzito kama asali ... sekunde 27, gramu 36. Hatua hii naiandika kwenye mfuko wa buni.